Kimo cha Mbwana

Nilipiga magoti, kisha viganja,
nikatambaa sebuleni kwetu, Ngamiani,
kama atambaavyo mwanangu.

Huku chini nyumba ni nyingine.
Kitambaa cha meza kinaning'inia, kinanong'ona: nivute,
na juu yake birika la tangawizi, la moto.
Chupa ya soda uvunguni
ina mafuta ya taa, rangi ya sharubati.
Kidonge cha presha cha bibi yake,
chekundu, kitamu kwa macho.
Mbuzi ya nazi imelala mlangoni, meno nje:
mbuzi huyu halii, anauma.

Mwanakombo akaingia na kapu la muhogo.
"Baba Mbwana, umeangusha nini?"
"Bado sijaangusha," nikamjibu.

Uani, ndoo, maji nusu.
Siku zote nimeiita ndogo.
Nikainama nilivyo, kwa magoti,
uso wangu wote ukaenea ndani.
Nikaimwagia mpilipili, kimya.

Hata nilipojiona nimemaliza,
nimefunga, nimepandisha, nimeficha,
Mbwana akaamka, akaja mbio kwa magoti,
akacheka kunikuta kimo chake,
akanifumbulia kiganja:
betri ya saa, ndogo kama punje ya hindi,
inang'aa, imelowa mate.