Sarafu ya Kifaru

Hapa Igombe boti limelazwa kifudifudi
juu ya matairi manne, tumbo linatazama jua.
Magesa ameshanunua rangi, makopo mawili ya buluu;
Jumatatu anataka awe Ukerewe.
Nyanzobe hajibu. Anatoa sarafu ya hamsini,
ile ya kifaru na mwanawe,
anaanza kugonga.

Ti. Ti. Ti.

Mimi msaidizi, nashika chaki.
Zamani nilidhani pigo linakufa palepale lilipoangukia.
Kumbe linasafiri,
tena yanakwenda mawili: la kwanza linasukuma,
la pili linafuata nyuma likitikisa kiuno.
Na faiba si chuma, haina moyo mmoja;
nyuzi za kioo zimelala upande wake,
gundi imejaa katikati.
Likifuata uzi, wimbi linakimbia:
uzi umekazwa, hauna porojo, unapokea na kupitisha.
Likikata nyuzi linakwenda kwa kuomba njia,
uzi, gundi, uzi, gundi,
kila mpaka linaacha kidogo
kama mchuuzi wa dagaa kwenye vizuizi vya ushuru.
Ndiyo maana pigo lake halichori duara,
linachora yai.
“Mbona jiwe majini linatoa duara?” nilibisha siku ya kwanza.
“Maji hayakufumwa,” akasema,
akaendelea kupiga msasa.

Ti. Ti.
Karibu na mkuku:
pu.

Anarudi nyuma. Ti. Anasogea. Pu.
Jicho halioni kitu. Kiganja kinapita, laini tupu.
Lakini ndani tabaka mbili zimeachana,
pengine tangu lile jiwe la Bwiru mwaka jana,
zinaishi nyumba moja na hazisalimiani,
na wimbi likifika pale penye hewa
halina pa kukanyaga, linageuka
na habari mbaya.

“Piga mwenyewe.” Anampa Magesa sarafu.
Anapiga pazima. Anapiga pabovu.
Anarudia pabovu polepole, kwa adabu,
kama anayebisha hodi nyumba ya mkwe.
Pu.
Nazungusha chaki. Linatokea umbo
la sato asiye na kichwa, urefu wa mkono wangu.

Makopo ya buluu yanahamia kivulini.
Magesa anauliza bei ya gundi, hasikilizi jibu.
Nyuma yetu ziwa linagonga mawe, linagonga,
na Nyanzobe ameinamisha kichwa upande mmoja,
sarafu bado mkononi.