Fundi wa Mapaa

Nimemzika Mtemi Ndahani mara mbili,
na mara zote mbili nililipwa mbuzi.
Ndani ya ngozi tuliyoishona mlikuwa na mawe na pumba za mtama.
Nililia kama nilivyoagizwa.
Kesho yake akatokea mlango wa nyuma, amenyoa ndevu,
tukaambiwa: huyu ni mwanawe.
Kovu la mwiba wa mgunga lile lile, kisigino kile kile.
Aliyekula mbuzi wa msiba hana mdomo.

Kifo chake alikichemsha.
Mwaka ule mbuga ya Bahi ilipokauka ikabaki nyeupe
alichota tope la chumvi, akalichuja, akalitemea mate,
akapika usiku kucha.
Alfajiri kifo kimeganda, kijivu, kizito kama jiwe la kusagia.
Akakipasua mapande saba, akawagawia baraza:
Chilewa, Masinjisa, Mbogoni, Nhonya mwenye jicho moja,
na watatu ambao siku hizi majina yao ni vyeo tu.

Ujanja uko hapo, hauko kwenye dawa.
Yakiyeyuka yote saba, anakufa.
Likibaki moja, anaishi,
na mwenye nalo ndiye mtemi wa Mtemi.
Basi kila mzee amelalia pande lake
akisubiri wenzake sita wawe wajinga kwanza.
Chilewa alimwoza Masinjisa binti yake, akailambe ile chumvi usiku.
Binti alirudi kwao ulimi umevimba. Hasemi hadi leo.

Na mvua? Mvua ni kazi ya Mtemi.
Kila mwaka anapanda kilimani na kondoo mweusi,
anashuka na kondoo yule yule,
mzima, anacheua.

Mimi ni fundi wa mapaa.
Tembe ikipasuka naitwa, napanda na kapu la udongo,
na nani humtazama mwanamke aliyepakaa tope hadi kwapani?
Wananong'ona chini yangu. Nasikia.
Nyumba saba nimezikandika kiangazi hiki,
na kila paa, juu ya kitanda hasa,
nimeliachia tundu la kidole
nikaliziba kwa samadi kavu, ambayo maji hayaisumbukii.

Nyumba ya saba ni ya mwanangu.
Zamani nilimwita Msanjila.
Alinishikia ngazi, akatazama juu, akaliona,
akacheka kwa pua.
"Shuka, mama, unywe."
Nilikuwa na kiu. Niligugumia yote,
na ulimi ulipofika kwenye machicha, chini ya kibuyu, ukashtuka:
togwa haitiwi chumvi.

Upepo umegeuka tangu jana,
unatoka Mpwapwa na harufu ya vumbi lililolowa.
Wazee sita wanakoroma.
Sijui mwanangu aliliyeyusha pande lake
au alilificha mahali mvua haifiki.

Nimekaa uani, kichwa wazi, mdomo wazi.
Tone la kwanza limeniangukia jichoni.