Mshono

Daktari aliandika kwa wino mwekundu
juu kabisa ya kadi yangu ya kliniki: kovu moja.
"Uchungu ukianza, hata kama ni wa kuumwa na sisimizi,
njoo. Mshono wa ndani haubishi hodi,
unafumuka tu."

Nikaitikia. Mimi ni fundi cherehani, Kigogo,
kibaraza cha pili ukitoka mashine ya kusaga.
Nguo nyingi haziraruki pale nilipopitisha sindano.
Huraruka pembeni, kitambaa kilipochoka
bila kumwambia mtu.
Lakini zipo zinazofumuka palepale.
Hizo nazo nazijua. Wenyewe huzirudisha.

Siwema, wa kwanza, hakupita mlangoni.
"Kapitishwa dirishani," mama mkwe alisema,
akacheka, nami nikacheka,
tumbo likiniuma kila nikicheka.

Sasa usiku ule wa masika.
Saa nne ulianza, nisiwadanganye, nilijua.
Nilikuwa napiga pasi sketi za shule.
Nikashika ukingo wa meza,
nikahesabu mpaka ukapita,
nikarudi kwenye marinda.
Kondo akauliza, "Vipi?"
"Mgongo," nikamjibu.
Neno dogo mfano wa pini,
nikalibana midomoni
jinsi sisi mafundi tunavyobana pini.

Kwa nini? Hadi leo sijui.
Labda ile taa ya duara,
labda baridi ya kile kitanda,
labda kule kuzinduka nikaambiwa umeshazaa,
kama mtu anayesimuliwa harusi yake mwenyewe.

Saa nane pini zote zikanidondoka.
Kondo akatoka mbio, akarudi amelowa hadi kiunoni:
bondeni maji yamepanda,
bajaji zote zimegeuza.
Akaenda kumgongea Bi Chausiku,
nesi mstaafu, nyumba ya nne,
akaja gauni kalipandisha magotini, viatu mkononi.

Akamulika tumbo kwa simu.
"Hili la lini?"
"La mwaka wa tatu huu."
Akanyamaza. Mvua ikasema peke yake juu ya bati.
"Kondo, tafuta gari. Lolote,
hata la kubebea maiti, likae tayari ng'ambo ya maji."
Hakunipa moyo, wala hakunikaripia.
Aliweka kiganja juu ya kovu
na hakukiondoa,
akisikiliza kwa mkono
jinsi mtu anavyosikiliza ukuta wa jirani.

Nami nikalisemesha kovu:
uzi wangu, sikukuchagua, sikukuomba,
nimekuficha kwa kanga hata kwa mume,
lakini leo kaza.
Kaza kama pindo la suruali ya mbeba zege.
Kaza, nikushukuru kesho.

Saa kumi na moja umeme ukarudi.
Feni ikajikokota, redio ya jirani ikaamka
katikati ya bei za nyanya,
na mwanangu akatoka kati ya tenga na debe,
mlangoni, kichwa mbele,
akalia kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa.

Kondo akalizika kondo nyuma, karibu na karo,
matope hadi viwiko,
akichungulia dirisha la mwenye nyumba.
Nilicheka. Tumbo halikuuma.
Ndipo nikalia.

Bi Chausiku alikuwa ananawa.
Mikono ilimtetemeka ndani ya beseni,
mikono ileile iliyotulia usiku kucha.
"Wasikusikie ukisema inawezekana," akaniambia.
"Sema ulibahatika.
Mimi niliwahi kushika tumbo kama hili
likalainika ghafla chini ya kiganja,
na jina la yule dada ninalo mpaka leo."
Hakulitaja.

Maji yalipopungua tukaenda kliniki.
Nesi akatazama wino mwekundu,
akanitazama mimi, akamtazama mtoto.
"Kwa nini hamkuja?"
"Maji yalijaa."

Na ni kweli, yalijaa.
Kaandika hivyohivyo.
Nikafunga kanga, nikambeba wangu,
nikatoka nje kwenye jua
na pini moja
bado midomoni.