Chekeche la Mama

Dada yangu Mwanahamisi ndiye aliyeliiba.
Chekeche la mama, la kuchekechea unga wa mahamri,
sasa lachekecha bahari.

Pale Mkomani, bamvua likishautoa maji ufuo,
huinama na viatu vyake vya plastiki,
achota mchanga kwenye mizizi ya nyasi, atikisa.
Mchanga washuka. Kinachobaki ni vigae vya makombe,
kaa mmoja mwenye hasira,
na mbegu. Moja. Kama kichwa cha kiberiti.
Aiandika daftarini kana kwamba ni deni.

"Usiite mwani," hunikanya. "Mwani hauna ua.
Hizi ni nyasi hasa, zachanua chini ya maji,
zashika mimba."

Siku moja alinionyesha maua dume:
punje nyeupe, nikadhani kuna mtu
amesuuza sufuria ya wali.
Yalikuwa yamejikata yenyewe huko chini, yakaibuka,
yakasimama juu ya maji, upepo ukiyasukuma ovyo
hadi penye ua jike lililolala wazi.
Hakuna posa. Hakuna kadhi.
Likishapata lake, kikonyo hujikunja
kama waya wa simu ya zamani,
likavutwa chini na siri yake.

Baadaye tunda hupasuka.
Mbegu zaelea saa chache tu,
na safari yote ya ukoo imo humo:
zikikosa mchanga, zimekosa.

Na kuna nyasi nyingine, shina gumu kama ufito,
ambayo haiyaamini maji kiasi hicho.
Mwanawe huota angali kiunoni mwake,
atoa majani, atoa mzizi,
ndipo aachiliwe.
(Mama yetu ni wa namna hii.
Mimi nina miaka arobaini na mmoja.)

Mia mbili na tatu, lasema daftari.
Kumi na tisa ziliota, kwenye beseni, bafuni,
nasi tukioga kwa uangalifu tusizirushie sabuni.
Alizipanda penye kipara cha mchanga
palipochimbwa na nanga za mashua za watalii.
Nne zimeshika.
Nne,
na Mwanahamisi atembea kama aliyeozesha.

Ijumaa mama alilidai chekeche lake.
Alilipiga ukingo kabla ya kutia unga,
ikadondoka punje nyeusi.
"Hiki n'ni?"
Tulinyamaza sote wawili.
Aliigeuza kiganjani, akainusa,
akaguna, akaenda zake jikoni.

Jioni niliiona dirishani,
ndani ya kikombe cha kahawa,
maji yametiwa chumvi,
chumvi ameikadiria kwa ulimi.