Bamba la Ishirini na Moja

Ijumaa baada ya swala sikamui miwa.
Barke binti Shekuwe huja Langoni na vipande viwili vya blanketi,
huvipitisha katikati ya meno ya mashine yangu,
hupima unene kwa ukucha, kisha huniambia: zungusha.

Shaba ni ya mabuli ya bibi yake, imepasuliwa, ikanyooshwa kwa nyundo.
Hupaka nta, lami na sandarusi,
hukwaruza kwa sindano ya kushonea kofia,
hulaza bamba ndani ya siki, chumvi
na ile dawa ya vidonda inayotoa povu.
Ilipopita sindano, shaba huliwa.
"Mimi nafungua mlango tu," husema. "Siki ndiyo huingia."

Kitabu hakina jina.
Babake alikwenda Odesa kusomea injini za meli,
akarudi na koti lisilovalika
na riwaya ya watu wa baridi.
Mchwa wa Mkomani wakala jalada, wakala mwandishi,
wakaonja sura ya kwanza, wakaiacha.
Usiku alimsomea bintiye, akiigeuza Kiamu papo hapo,
hata mjane wa kanali akawa anagombana kama watu wa mtaani kwetu.

Mimi sijaisoma. Naijua kwa upande wa mshono.
Mjane anakwenda mjini kudai kinu chake:
kwenye shaba anaelekea kushoto, kwenye karatasi kulia.
Hadi leo sijui kama alikuwa akienda au akirudi.

Gari lake halina magurudumu.
Lamu hilo halimshangazi mtu.
Farasi ni watatu, na magoti yao ni ya punda wa gatini;
wa katikati namjua kabisa, ni wa Famau,
kidonda cha tandiko na vyote.

Mamake alishika karatasi mbali na macho.
"Na weupe hunu wote ni nini? Umetoka kazini mapema?"
"Theluji, mama."
"Huitiaje?"
"Siitii. Ni pale nisipogusa."

Bamba la ishirini na moja lilikuja mwezi wa Rajabu.
Yefim, mwendesha gari, yuko nje ya nyumba ya wageni
akingoja wakubwa wamalize chai.
Dirishani moto, birika, mtu anacheka hadi meno.
Nje, yeye: mkono mmoja kwenye hatamu,
wa pili mdomoni, anaupulizia pumzi.

Wa hatamu niliujua kabla ya uso.
Vifundo hivi. Ukucha huu.
Kidole cha shahada kimeishia katikati,
kama kilivyoishia mwaka ule mashine ilipokuwa mpya
nami nikitazama kwingine.

Sikukasirika. Nilisema tu,
"Barke, mimi ni wa kulia. Huyu ni wa kushoto."
Akaangalia bamba, akaangalia karatasi.
"Nilikuchora sawa. Karatasi ndiyo iliyokugeuza.
Nitalirudia."

Nikamwambia asirudie.

Miaka kumi na sita, kwenye tahiyatu, nanyanyua kipande.
Mtu wa safu yangu hujifanya haoni.
Na huyu hapa, kwenye theluji isiyoguswa,
mkono wake wa kulia una vidole vyote vitano
na anaupasha moto.

Jumamosi niliosha mashine mara mbili.
Bilauri ya kwanza ilitoka na weusi wa wino, kidogo, kama unywele.
Mteja alikuwa amesimama na pesa mkononi.
Nikamwambia angoje ya pili.
Ile niliinywa mimi.