Jino Likizidi

Novemba haijaingia, cherehani yangu haipoi.
Watu wa Sibu wanataka nyeupe, nyekundu, kijani:
ya paa, ya boneti, ya shingo ya ngamia.
Mwalimu mkuu anataka mia mbili za mkononi
kwa gwaride la watoto,
"na jambia lisipinde, Bi Thuwaiba,
mwaka jana lilipinda."

Bendera nazijua kwa upande wa ndani,
penye mafundo ya nyuzi.
Ya Saudia siigusi bila udhu.
Ya Kuwaiti ina pembe nyeusi, huvunja sindano.
Ya Katari meno tisa, ya Bahareni matano;
jino likizidi, umemhamisha mtu nchi.
Nimewahi kumhamisha.
Mteja wa Manama alihesabu kwa kidole, akarudia,
akacheka hadi akakaa chini.
Nilishona upya, bure.

Tabora, darasa la nne, nilicheza halaika.
Gwaride sikuliona, nilikuwa ndani yake:
kitone cha manjano kwenye ulimi wa mwenge.
"Usikohoe, Thuwaiba, utauzima."
Baba alisimama jukwaani na wenzake wa sokoni
akiimba wimbo wa taifa
kwa lafudhi ya Ibra.

Mofizuli ndiye mpiga pasi wangu.
Miaka kumi na mmoja ananyoosha sherehe za watu.
Leo, kumi na sita Desemba,
mzigo wa Bahareni ulishaondoka tangu juzi,
amesimama mlangoni na mabaki ya Novemba:
kijani mkono huu, nyekundu mkono huu.
"Mama, kwetu pia ni leo."

Hii hakuna aliyeiagiza.
Nikachukua kisahani cha chai, nikazungusha chaki,
nikakata, nikalaza duara katikati ya kijani.
Akatikisa kichwa.
"Sogeza kidogo, mama. Upande wa mlingoti."

Mlingoti gani? Chumbani kwao wanalala wanane,
vitanda vya ghorofa, dirisha la kiyoyozi.
Itashikwa na vibanio vya nguo
juu ya mto wake, chini ya godoro la mwenzake.

Nikasogeza.

Akaipiga pasi yeye mwenyewe, polepole,
mara ya kwanza kwa mvuke,
mara ya pili kwa kitambaa juu yake.
Ile ya tatu haikuwa na kazi.