Saa Nane na Nusu, Ibra

Tulikuja na vihisi kumi na viwili,
betri, fomu za ruhusa,
na mradi wenye jina refu kuliko falaji yenyewe.
Dokta Raya alikwisha kutuonya garini:
"Asijetu mtu akasema amekuja kuwaokoa."

Chuo kilikuwa na swali: maji yanapotelea wapi?
Kila mwenye zamu alikuwa na jibu lake.
Mmoja alisema, pampu za huko juu.
Mwingine: jirani, na baba yake jirani.
Wa tatu akanyoosha kidole mbinguni,
akaendelea kumenya chungwa.

Mimi nilikodolea skrini.
Kila usiku, saa nane na nusu,
mstari wa buluu uliporomoka
kama mtu anayejikwaa pale pale.
Siku tisa tukabishana juu yake.
Tukabadilisha betri. Tukalilaumu joto.

Tusiyemuuliza alikuwa ndani ya maji,
suruali kaikunja magotini:
Shafikul wa Noakhali, mwaka wa kumi na nne hapa,
akifungua na kuziba, kwa matambara na tope,
zamu za watu waliolala Maskati.
Jina lake halimo katika daftari la falaji.
Katika fomu zetu pia halikuwamo.

"Saa hiyo," alisema kwa Kiarabu chake cha shambani,
"nageuza maji mkondo wa chini.
Pale kwenye mtende uliokufa pana ufa.
Mwaka wa tatu huu nawaambia."

Tuliuziba kwa udongo uliochomwa,
ule ambao mafundi wa Ibra huuita sarooji.
Bibi yangu, mzaliwa wa Wete, angecheka:
kumbe saruji ilikuwa na kwao!
Yeye akisema chuo alimaanisha mkeka,
juzuu, na bakora ya mwalimu.
Sijui angeliitaje hili letu
la kusoma tumezama hadi magotini.

Mstari sasa hautumbukii, unatetereka tu.
Lakini ufa mmoja si ukame mzima;
pampu za juu zingali zinavuta,
na ripoti yetu haina mkono wa kuzizima.

Nilipoandika jina lake kati ya watafiti
mfumo ulidai cheo.
Nikaacha wazi. Ukakataa kwenda mbele.
Nikaandika: mpima maji.
Ukanipa duara linalozunguka, linazunguka,
na kule chini nikasikia jembe lake
likigeuza zamu ya alasiri.